Kinyesi cha Tembo si Takataka

Yako mambo ambayo mtu aliyelelewa vyema huona haya kuyataja mbele ya watu, na kinyesi ni mojawapo. Gazeti lenye heshima hulizunguka neno hilo, na mwalimu darasani hulipitia haraka kabla wanafunzi hawajaanza kucheka. Hata hivyo leo naomba radhi ya wasomaji, kwani nimekusudia kulitamka wazi tangu mwanzo hadi mwisho. Sababu ni kwamba kinyesi cha wanyama wa porini, ambacho sisi hukipita tukiwa tumeziba pua, kimekuwa kwa miaka thelathini na zaidi mojawapo ya nyaraka muhimu za kisayansi katika bara hili la Afrika. Nacho kimesomwa zaidi na watu wa mbali kuliko sisi tunaokikanyaga.

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Chakula kinapopita tumboni mwa mnyama hukwangua kuta za utumbo. Chembe hai za kuta hizo hubanduka, zikatoka pamoja na kinyesi, zikiwa zimenata katika ute unaokifunika kwa nje. Kila chembe hubeba vinasaba, yaani ile hati ya urithi ambayo katika maabara huitwa DNA, na ambayo mnyama amepata nusu yake kwa baba na nusu kwa mama. Mtafiti hahitaji kumpiga mnyama sindano ya usingizi, wala kumfunga kamba, wala hata kumwona kwa macho. Hukwangua ule ute wa juu, akautia katika kichupa chenye dawa ya kuuhifadhi, akaandika mahali na tarehe, akaendelea na safari yake. Huko maabara, kwa mbinu ya kunakili vinasaba iliyobuniwa na Mmarekani Kary Mullis mwaka 1983, kipande kidogo ambacho peke yake kisingetosha kupimwa huzidishwa mara mamilioni mpaka kikatosha. Mwaka 1992 wanasayansi walitangaza katika jarida la Nature kwamba wamefaulu kupata vinasaba vya dubu wa Italia kutoka katika vinyesi vyao. Mmoja wao alikuwa Svante Pääbo, ambaye miaka thelathini baadaye alitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi nyingine ya vinasaba, ile ya mifupa ya watu wa kale.

Isidhaniwe kwamba kazi hii ni rahisi. Vinasaba vinavyopatikana katika kinyesi ni haba. Vimekatwakatwa na jua, mvua na bakteria, tena vimechanganyika na vile vya majani aliyokula mnyama. Hutokea mara kwa mara kwamba urithi wa baba waonekana katika kipimo na ule wa mama usionekane. Hapo mpimaji asiye mwangalifu aweza kumhesabu tembo mmoja kuwa ni wawili, kwa kuwa kinyesi cha leo na cha juzi vimetoa majibu tofauti. Ndiyo maana maabara zenye sifa hurudia kipimo kilekile mara kadhaa kabla ya kutamka neno. Nayataja haya kwa sababu tumekwisha zoea kusikia neno vinasaba likitamkwa kama kiapo kisichopingwa. Ni kipimo, kama mizani ya sokoni, na mizani hukaguliwa.

Sasa tuje kwa tembo, kwani hapo ndipo jambo hili linapotugusa. Kwa muda mrefu wapelelezi wa magendo ya pembe walikuwa na shida moja kubwa. Shehena ikikamatwa katika bandari ya Asia, hati zake zasema kwamba ndani yake mna plastiki au samaki wakavu, na bandari ilikopakiwa si lazima iwe ndiyo nchi alikouawa tembo. Pembe haina cheti cha kuzaliwa. Kila serikali yaweza kunyoosha kidole kwa jirani, na ndivyo ilivyokuwa.

Aliyepata njia ya kuutoa ushahidi huo ni Profesa Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani, mtu ambaye jina lake halikosi uhusiano na nchi yetu, maana utafiti wake wa ujanani aliufanya juu ya nyani wa Mikumi. Wazo lake, ukishaelezwa, laonekana jepesi. Tembo wa mahali pamoja huzaana wao kwa wao kwa vizazi na vizazi, hivyo vinasaba vyao hufanana kuliko vya tembo wa mbali. Basi ukikusanya vinyesi kutoka pori hadi pori, kote wanakoishi tembo, waweza kuchora ramani ya vinasaba vya bara zima. Kisha pembe ikikamatwa, husagwa kipande chake kikiwa kimegandishwa kwa baridi kali, hutolewa vinasaba, na kulinganishwa na ramani ile. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 2004. Kufikia mwaka 2015 ramani hiyo ilikuwa na sampuli 1,350 kutoka nchi 29 za Afrika, nyingi zikiwa ni za kinyesi kilichookotwa na askari wa wanyamapori na watafiti wa nchi hizo.

Mfano mmoja watosha kuonyesha nguvu ya njia hii. Mwaka 2002 maofisa wa Singapore walikamata tani sita na nusu za pembe zilizotokea Malawi. Kwa kuwa mzigo ulikuwa mkubwa mno, ilidhaniwa kwamba wafanyabiashara walikuwa wameokoteza pembe huku na huko barani, popote zilipopatikana. Vinasaba vilikataa. Pembe zile zilitoka kwa tembo wa nyika wa eneo moja ambalo kitovu chake ni Zambia. Maana yake ni kwamba magenge hayakuwa yakiokoteza. Yalichagua pori, yakalivamia, yakarudi tena na tena mpaka likaisha. Kwa mkuu wa askari wa wanyamapori hili si jambo la vitabuni, kwani humwambia mahali pa kupeleka watu na magari aliyo nayo, ambayo siku zote ni machache.

Kisha ikaja zamu yetu. Mwaka 2010, katika mkutano wa Doha wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, yaani CITES, Tanzania iliomba ruhusa ya kuuza akiba yake ya pembe, karibu tani 90. Ombi lilikataliwa. Miongoni mwa hoja zilizotolewa dhidi yake na wanasayansi, akiwamo Wasser, ni kwamba vinasaba vya shehena kubwa zilizokamatwa Asia mwaka 2006 vilielekeza kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Manung'uniko yalisikika wakati ule kwamba tunaonewa na watu wa ng'ambo. Miaka mitano baadaye jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa shehena 28 zilizokamatwa kati ya mwaka 1996 na 2014, kila moja ikiwa na uzito usiopungua nusu tani. Ilionekana kwamba tangu mwaka 2006 zaidi ya asilimia 85 ya pembe za tembo wa nyika zilizochunguzwa zilitoka Afrika Mashariki, hasa kusini mashariki mwa Tanzania na upande wa pili wa Mto Ruvuma, na kwamba baadaye mauaji yalisogea kutoka Selous kuelekea Ruaha.

Yalikuwa maneno machungu, lakini hesabu zetu wenyewe ziliyathibitisha. Sensa ya mwaka 2009 ilikuwa imekadiria tembo 109,051 nchini. Ile ya mwaka 2014 ilikadiria 43,330. Katika mazingira ya Selous na Mikumi idadi ilishuka kutoka karibu 39,000 mwaka 2009 hadi 13,000 hivi mwaka 2013. Nchi iliyoendesha Operesheni Uhai mwaka 1989, na ambayo mwaka huohuo ilikuwa mstari wa mbele kudai biashara ya pembe ipigwe marufuku duniani, ilipoteza zaidi ya nusu ya tembo wake katika miaka mitano. Ndege ya sensa ilituambia wangapi wamepungua. Kinyesi kilituambia pembe zao zilikwenda wapi, na kabla ya ndege haijamaliza kuhesabu.

Swali ambalo mtumishi wa umma yampasa ajiulize ni hili: kwa nini tuliambiwa na Seattle? Kinyesi kilitoka kwetu. Waliokiokota walikuwa vijana wetu, wengine wakihatarisha maisha katika mapori yenye nyati na majangili. Tembo walikuwa wetu, na hasara ikawa yetu. Lakini maabara, ramani, na kalamu iliyoandika hukumu, vyote vilikuwa mbali. Simlaumu mwenye maabara, kwani alifanya kazi yake, akaifanya vizuri, na bila yeye huenda tungekuwa bado twabishana. Mtu akikuonyesha kwamba nyumba yako yaungua humlaumu kwa kuona moshi kabla yako. Wajibu wetu ni kuwa na macho yetu wenyewe.

Na wala haifai kusema kwamba hatuna watu. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti juu ya tembo wa Mikumi uliofanywa na wanasayansi watatu, mmoja wao akiwa Benezeth Mutayoba wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Walikusanya vinyesi vya majike, wakapima vinasaba ili kujua nani ni ndugu wa nani, na wakapima pia homoni zinazoonyesha mfadhaiko wa mnyama. Wakakuta kwamba majike ambao familia zao zilivunjwa na ujangili wa zamani, wakabaki bila bibi wala dada wa karibu, walikuwa na mfadhaiko mkubwa zaidi na walizaa kwa uchache zaidi, ingawa ule ujangili mkubwa ulikuwa umekwisha tangu mwaka 1989. Tembo hupotewa na mama yake mkubwa, na miaka mingi baadaye kinyesi chake chasimulia msiba huo. Nawasihi walimu wa baiolojia wausome utafiti huo, kwani wanafunzi wetu hufundishwa urithi kwa njegere za Mendel, mtawa wa Ulaya, hali wangeweza kufundishwa kwa tembo wa Morogoro.

Vivyo hivyo Gombe. Wengi wetu twajua kwamba Jane Goodall, aliyefariki dunia Oktoba 2025, alifika kule mwambao wa Ziwa Tanganyika mwezi Julai 1960 na kuwatazama sokwe kwa uvumilivu usio kifani. Wachache wanajua kwamba kwa miongo minne ya kwanza hakuna aliyeweza kusema kwa hakika baba wa sokwe yeyote ni nani. Jike hupandwa na madume wengi, na macho ya mtafiti hayana jibu. Mwaka 2001 vinasaba vya kinyesi vilitoa majibu, mengine yakiwa ya kushangaza. (Dume mashuhuri Frodo alionekana kuwa amezaa na mama yake mwenyewe, Fifi, jambo ambalo sokwe kwa kawaida huliepuka kama tunavyoliepuka sisi.)

Lakini la Gombe lililo kubwa kuliko hayo lahusu maradhi. Katika kinyesi hichohicho na katika mkojo, mwaka 2002, wachunguzi walikuta alama za virusi jamaa ya virusi vya Ukimwi. Mwaka 2009 ilithibitishwa kwamba sokwe wa Gombe wenye virusi hivyo walikuwa katika hatari ya kufa mara 10 hadi 16 zaidi ya wenzao wa umri wao. Hapo awali ilikuwa ikifikiriwa kwamba virusi hivyo havimdhuru sokwe. Na isije ikasemwa vijiweni kwamba Ukimwi ulitoka Gombe. Vinyesi vya sokwe vilivyokusanywa Kameruni, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2006, vilionyesha kwamba mzazi wa virusi vilivyoenea duniani yuko kwa sokwe wa kusini mashariki mwa nchi hiyo. Chimbuko la ugonjwa ulioua mamilioni ya watu limepatikana bila kuchukua tone la damu la sokwe hata mmoja wa porini.

Nirudi kwenye nyaraka na mipaka, maana hapa ndipo watumishi wa serikali walipo na kazi. Chini ya CITES, mtu akitaka kuvusha pembe, ngozi au damu ya tembo hana budi kuwa na kibali. Lakini nchi wanachama zilikubaliana kwamba kinyesi na mkojo, vikiwa vimeokotwa bila kumgusa mnyama, ni uchafu tu, na havimo katika masharti ya mkataba. Kwa upande wa sayansi uamuzi huo ni wa busara, maana sampuli zisingesafiri kama kila kichupa kingesubiri mihuri mitatu. Kwa upande wetu, hata hivyo, yafaa tutambue maana yake. Hati nzima ya urithi wa mnyama, ile ambayo damu yake ingeombewa kibali, kwa mujibu wa mkataba huo yaweza kuvuka mpaka kwa jina la takataka. Kinachoweza kuizuia ama kuiandikisha ni sheria na taratibu za nchi yenyewe. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika Oktoba 2014, inatambua haki ya nchi kugawana manufaa yatokanayo na urithi wa viumbe wake. Haki hiyo haijitekelezi yenyewe. Yahitaji karani mwenye daftari.

Yupo atakayesema kwamba nchi yenye shule zisizo na madawati na zahanati zisizo na dawa haiwezi kujenga maabara ya kupima mavi ya tembo. Hoja hii nimeisikia hata ofisini kwetu, ikifuatiwa na kicheko. Naiheshimu, kwa sababu aliyeitoa analipa ada za watoto kwa mshahara uleule kama wangu. Lakini tuitazame kwa makini. Watalii wanaoleta fedha za kigeni hawaji kuona madawati. Na vyombo vya kupimia vinasaba vya tembo ndivyo hivyohivyo vya kupimia kimeta cha ng'ombe, ugonjwa wa mihogo na samaki wa ziwani, havijui tofauti. Kwa Mkemia Mkuu wa Serikali vinasaba vya binadamu vimekwisha kuwa kazi ya kawaida, na kesi za baba na mtoto huamuliwa kwavyo. Jirani zetu wa Kenya walifungua maabara ya vinasaba ya idara yao ya wanyamapori mwaka 2015, ili pembe au nyama iliyokamatwa ipimwe Nairobi na mtaalamu asimame kizimbani siku ileile inayotakiwa, badala ya kusubiri barua kutoka ng'ambo.

Kizimbani ndiko mambo mengi mazuri hufia. Vinasaba vyaweza kusema pembe hii ilitoka pori lile, tena kwa kukadiria, pengine kwa kukosea kilomita mia kadhaa. Haviwezi kumtaja aliyefyatua risasi, wala ofisa aliyefumba macho kontena likipita. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2018 ulionyesha jinsi ya kusogea karibu zaidi. Pembe mbili za tembo mmoja zilikutwa katika shehena mbili tofauti, zilizopita bandari ileile katika muda usiozidi miezi kumi. Wenye shehena hizo hawawezi tena kudai kuwa hawajuani, na kwa njia hiyo magenge makubwa matatu yalionekana, yenye vituo Mombasa, Entebbe na Lomé. Mwaka 2022 wakaendelea mbele, wakatafuta si pembe za tembo mmoja tu bali za mtu na mwanawe, za ndugu na ndugu, katika pembe 4,320 kutoka shehena 49. Lakini ushahidi wa namna hiyo una nguvu sawa na pale ulipo dhaifu zaidi, kwani kamba hukatikia pabovu. Askari akiandika kwamba ameokota kinyesi bonde fulani hali alikuwa kambini amelala, ramani nzima imetiwa uongo, na wakili wa mshtakiwa hatakosa kuuona.

Kwa hiyo ninayoyapendekeza si makubwa. Kila sampuli ya kinyesi inayochukuliwa katika hifadhi zetu kwa ajili ya utafiti igawanywe mara mbili papo hapo. Kichupa kimoja kiende na mtafiti, kingine kibaki nchini chini ya Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, TAWIRI, pamoja na maandishi ya mahali, tarehe na jina la aliyeokota. Ruhusa ya utafiti iambatane na sharti kwamba kijana wa Kitanzania afundishwe kazi ya maabara mpaka aweze kuifanya peke yake, si kubeba mikoba na kuendesha gari. Jina la askari aliyekusanya liandikwe katika ripoti. Walimu wa shule zilizo jirani na hifadhi wapewe nakala ya matokeo kwa Kiswahili, kwani wanafunzi wao ndio wanaolala macho wakilinda mahindi dhidi ya tembo haohao. Tena wawaonye wasiguse kinyesi kwa mikono mitupu, maana kimeta hakichagui mdadisi.

Dawa ya kuhifadhia si ghali, na vichupa ni vya plastiki. Lililo gumu ni friji ambalo halizimiki umeme unapokatika, na mtu wa kulitazama siku ya Jumapili. Kuna bajeti inayoandaliwa kila mwaka, na wasomaji wa ukurasa huu wengine ndio wanaoiandaa.